Matundu Matatu na Mama Mkwe Mmoja

Mlowo, Mbozi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu, Mzee Yesaya,
Msangano, Momba.

Shikamoo Baba,

YAH: OMBI LA KUJA KUMCHUKUA MAMA KUTOKANA NA UHABA WA MATUNDU YA TELEVISHENI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na kinanihusu mimi mkweo kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba hii.

Sisi huku Mlowo ni wazima. Mvua zinanyesha, mashine yangu ya kusaga inafanya kazi siku ambazo umeme una nia njema, na mwanao Ruti hajambo. Ningeweza kukupigia simu, lakini kila unapopiga, Ruti huiweka sauti ya nje, na Mama hukaa karibu akisikiliza. Jambo nililo nalo halifai kusikilizwa na mhusika. Kwa hiyo nimeona niliandike kwa utaratibu ule ule ninaoandikia mihtasari ya kwaya, na kesho nimkabidhi kondakta wa basi linalokuja huko.

Nimesikia pia, kupitia hiyo hiyo sauti ya nje, kwamba wewe mwenyewe unataka Mama arudi kwa sababu ndege wanamaliza mpunga. Basi ujue kwamba katika suala hili una mtu upande wako. Mimi na wewe na mpunga tuna msimamo mmoja.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, nikumbushe tulipotoka. Mama aliteleza kwenye jaruba la mpunga mwanzoni mwa msimu, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, nasi tukamleta hapa awe karibu na hospitali. Plasta ilitolewa salama. Tatizo likabaki kwenye vidole. Vilikuwa vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe akasahau kuuachia. Kikombe cha chai hakikushikika. Vifungo vya blauzi alifungwa na Ruti, naye akifungwa hutazama ukutani. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alimpa kimpira cha kuminya. Mama alikiminya kidogo, akakiweka dirishani, akamwambia Ruti kwamba yeye hawezi kuhangaika na kitu kisichomjibu.

Kuhusu mimi na Mama, wewe ndiye shahidi wangu. Siku ya kunikabidhi mke ulinikalisha chini ukaniambia kwamba mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Nimelishika neno hilo. Tangu Mama afike, yeye akiwa sebuleni mimi hupitia mlango wa uani. Mimi nikiwa sebuleni, yeye hukohoa akiwa bado koridoni, nami huondoka. Salamu zetu zote zilipita kwa Ruti. Saa ya taarifa ya habari Mama alikuwa anakwenda chumbani kwake na mimi naingia. Hakuna aliyemkwaza mwenzake. Kisha akaja mwanao Emanueli.

1. Kuhusu Emanueli.

Shemeji yangu Emanueli, kama unavyojua, anashughulika na kutoa mizigo pale mpakani Tunduma. Katika foleni ya malori alifahamiana na dereva mmoja wa Zambia aitwaye Clever, ambaye alikuwa amechoka kucheza gemu peke yake ndani ya kabini. Clever akamwachia mashine yake ya gemu. Si mpya, lakini ni nzima, na ina pedi mbili, yaani vile vidude vya kushika mkononi vyenye vitufe, kila kimoja na waya wake. Emanueli akaipeleka kwake. Mkewe Fortunata akaitazama kwa siku chache, halafu akatoa uamuzi kwamba katika nyumba ile kitabaki kimoja, mashine au mume. Emanueli ni mtu wa amani. Akaileta kwangu. Alisema imekuja kusalimia tu.

2. Kuhusu matundu.

Televisheni yetu, Baba, ni ile ya chogo uliyotupa wewe ulipopata nyembamba. Shukrani zetu ziko pale pale. Hata hivyo nyuma yake ina matundu matatu tu, la njano la picha, na jeupe na jekundu ya sauti. King'amuzi cha dishi langu kinahitaji matundu matatu. Mashine ya gemu nayo inahitaji matundu matatu. Emanueli alichomoa waya za king'amuzi bila kuniuliza, akachomeka za gemu, akawasha mchezo wa mpira wa miguu, na kwa utani tu akamwekea mama yake pedi mapajani.

Mimi sikuwepo. Nayaandika haya kama nilivyoelezwa na Ruti. Anasema Mama aliitazama ile pedi, akatazama mchezaji aliyesimama katikati ya uwanja na mpira miguuni, akimsubiri yeye, na huku wapinzani wanakuja. Kidole gumba kilikuwa hakikunjiki. Mama akakiambia kidole neno moja la Kinamwanga ambalo Ruti amekataa kunitafsiria. Kidole kikakunjika. Hakikukunjika sana, lakini mpira ulipigwa.

Ruti alikuja mbio mashineni kwangu analia. Nilidhani ni msiba. Aliponieleza nilizima mashine, nikakaa juu ya gunia la mteja, na wateja wakaningoja. Nakiri kwamba siku ile nilifurahi kama mtoto, na wala sitaki ionekane kwamba moyo wangu ni mbaya. Lakini furaha ina siku yake na taarifa ya habari ni ya kila siku.

3. Kuhusu kukoseshwa habari.

Tangu siku hiyo waya za gemu hazijatoka. Mtaalamu alisema Mama afanye mazoezi kila apatapo nafasi, na nimegundua kwamba Mama ana nafasi nyingi kuliko mtu yeyote wilayani Mbozi. Ana nafasi asubuhi. Ana nafasi baada ya chakula. Saa ya taarifa ya habari, ambayo zamani alikuwa hana nafasi kabisa, sasa anayo.

Baba, pale mashineni mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza watu serikali imesema nini. Wakinamama walikuwa wanaleta mahindi na maswali. Sasa wananiuliza, nami nawajibu kwamba mvua itanyesha, jambo ambalo wanaliona wenyewe. Mzee mmoja wa Hasamba alinishika bega akanipa pole. Alidhani nimefiwa.

4. Kuhusu aibu iliyonipata mbele ya wanawake wa kanisa.

Siku moja Mama alipokwenda kliniki niliamua kulimaliza jambo hili kama mwanaume mwenye nyumba. Nilijiingiza nyuma ya televisheni, mahali penye giza na utando wa buibui, nikabadilisha waya kwa kupapasa. Nilipotoka nilikuwa na uhakika. Sikujua kwamba nimechomeka waya wa njano wa king'amuzi, na zile nyeupe na nyekundu nimeziacha za gemu. Kwa lugha nyepesi, picha ilikuwa ya dishi na sauti ilikuwa ya uwanja wa mpira. Tena Mama alikuwa ameiacha mashine inawaka, na ile mashine ukiiacha inaendelea kucheza peke yake.

Mimi nikarudi kazini. Mchana wanawake wa jumuiya wakaja kumwombea Mama mkono, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Alinanuswe, jirani yetu. Mama alikuwa bado hajarudi. Ruti akaona wasikae kimya, akawawekea ibada ya kwenye dishi. Mhubiri akatokea, akainua mikono, akafungua kinywa, na uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, na mtangazaji akaanza kupiga yowe kwa Kiingereza bila kupumua. Kila mhubiri alipoinua mkono, maelfu ya watu walishangilia. Ruti alikuwa jikoni anachemsha chai. Mama Alinanuswe alisimama akaitikia amina, na wenzake wote wakasimama.

Hadi leo ananiuliza ibada ile ilitoka nchi gani, maana hajawahi kuona watu wenye moto wa namna ile. Mimi ni katibu wa kwaya. Nimemwambia nitafuatilia.

5. Kuhusu safari ya Tunduma.

Baada ya hapo waya za gemu zilirudishwa, nami nilipanda gari hadi Tunduma, dukani kwa Masudi, anayeuza vifaa vya umeme. Nilimweleza kwamba nataka kigawio cha waya. Masudi aliniuliza kwa adabu kabisa nina televisheni ngapi. Kwa kuwa kulikuwa na watu dukani, nilimjibu kwamba kwa sasa ninayo moja hapa karibu. Akanitazama kidogo, akanipa kigawio, akaniambia nikikwama nirudi.

Kosa si la Masudi. Kigawio kile kinachukua mashine moja na kuipeleka kwenye televisheni mbili. Mimi nilikuwa nataka mashine mbili ziende kwenye televisheni moja. Kwa hiyo sasa, Baba, nina uwezo wa kumwonyesha Mama anavyocheza kwenye televisheni mbili kwa wakati mmoja, ila hiyo ya pili sina. Kurudi kwa Masudi nimeshindwa kwa sababu ya lile jibu langu.

6. Kuhusu majina ya wachezaji.

Wachezaji wa kwenye gemu wana majina ya Ulaya ambayo Mama hayataki. Amewapa majina ya watu wa Msangano. Winga wa kulia ni Gwantwa, mdogo wake, kwa sababu anakimbia bila kuangalia aendako. Golikipa, nisamehe Baba, ni Yesaya. Sikuuliza sababu. Nilichokiona ni kwamba golikipa huyo hukaa mahali pamoja na kusubiri vitu vimfikie. Akifungwa, Mama hamlaumu. Akidaka, Mama husema kwa sauti ndogo kwamba leo ameamka.

7. Kuhusu siku ya mvua.

Hili ndilo lalamiko langu kuu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa siku ya mvua kubwa, umeme wa mashineni umekatika ila wa nyumbani upo, na Ruti alikuwa amekwenda Vwawa kwenye kikao. Mama alikuwa sebuleni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli koridoni, upande wa pili wa pazia, natengeneza mkanda wa mashine. Pazia lile ni fupi kidogo kwa upande mmoja, na mtu akikaa nilipokaa anaona nusu ya televisheni, ile ya kushoto, bila kumwona aliyeketi. Sikukaa pale kwa makusudi. Ndipo penye mwanga.

Mama alikuwa anafungwa mabao. Nilisikia kwa jinsi alivyokuwa anavuta pumzi. Halafu nikasikia amesimamisha mchezo.

"Baba Erica," akasema.

Baba, tangu nimwoe mwanao, na leo Erica wetu yuko sekondari, Mama alikuwa hajawahi kunisemesha mimi mwenyewe. Nilidhani ni mvua.

"Baba Erica, hapo ulipo unaiona televisheni?"

Nilimjibu, nikiwa natazama sakafu, kwamba naiona nusu.

"Nusu inatosha. Chukua hiyo nyingine. Kaa huko huko."

Ile pedi ya pili ikaja ikisukumwa kwa mguu, ikapita chini ya pazia, ikasimama mbele ya viatu vyangu. Waya wake ni mrefu. Niliitazama. Nilikuwa na mkanda wa mashine mkononi na mkono wenyewe una grisi. Nikaufuta kwenye suruali.

Tukacheza timu moja, mimi na yeye, dhidi ya mashine. Yeye sebuleni, mimi koridoni, pazia katikati na waya chini ya pazia. Hakuna aliyemwona mwenzake. Hatukupokezana kitu mkono kwa mkono. Kwa maoni yangu kama katibu, heshima haikuvunjwa, ilivutwa kidogo tu. Kwa kuwa niliona nusu ya kushoto peke yake, na goli letu lilikuwa kushoto, nikawa beki. Mpira ukienda kulia niliweka pedi chini nikasubiri. Ukirudi, nilikaba. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, na bila maandalizi yoyote nikajikuta mshambuliaji.

Tulipotoka sare, Mama hakuanza mchezo mwingine. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaongea, na sijui kama alikuwa anaongea na mimi au na pazia.

"Akipiga simu anauliza chumvi iko wapi," alisema. "Anauliza kamba ya mbuzi iko wapi. Ndege wamekula kiasi gani, anatueleza. Mkono, hajauliza."

Nikaushika ule mkanda wa mashine, nikaanza kuupangusa upya.

Akaendelea kusema kwamba siku alipoanguka kwenye jaruba hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa alijua kwamba jioni ile hatakuwekea maji ya kuoga, na kwamba wewe hutajua ufanyeje na yeye hatajua akutazameje. Alisema amekuwekea maji tangu akiwa msichana na halalamiki. Ila sasa, alisema, kidole kimeanza kukunjika, na atarudi, maana kwake ni Msangano. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile kama gunia lisilo na mwenyewe.

"Mimi sina haraka. Njia ya Mlowo anaijua."

Akawasha mchezo. Nikaruhusu mabao kadhaa mfululizo.

Sasa lalamiko langu ni hili, Baba. Maneno ya namna ile hayapaswi kuambiwa mkwe. Mkwe hana pa kuyapeleka. Ruti nikimwambia ataumia, kwa sababu wewe ni baba yake. Nikikaa nayo mimi, nashindwa kukaba. Sikutumwa kuyaleta kwako na wala sijayaleta. Nimeyaorodhesha tu kama usumbufu nilioupata koridoni kwangu.

8. Kuhusu lugha niliyoitumia.

Tangu siku ya mvua nimekuwa nikiitwa koridoni kila jioni, na nimekuwa nikienda. Ruti akirudi hutukuta hivyo na kupita katikati yetu na sufuria, akiinua miguu ili asikanyage waya. Mabega yake yanatikisika kwa kicheko.

Juzi, katika dakika za mwisho, mpinzani alikuwa amebaki na golikipa peke yake, na mimi, mtu mzima, nilipaza sauti nikamwambia mama mkwe wangu, "Mama, kaba! Kaba, Mama, umelala?" Mama Alinanuswe alikuwa uani kwake anaanua nguo. Alisikia. Jumapili hii kanisani amenisalimia kwa huruma. Nauliza, kwa unyenyekevu, kama kosa hilo linahitaji kuku, na kama kuku ni mmoja, na aletwe huko au achinjwe hapa hapa maadamu aliyekosewa yupo hapa na amekwisha kucheka.

9. Kuhusu blanketi.

Kila tukimuuliza Mama hali ya mkono, anasema bado hauna nguvu, unahitaji mazoezi zaidi. Alhamisi nimemwona kwa mbali, nikitokea mashineni, amefua blanketi zito la chumbani kwetu na analikamua peke yake. Alilisokota kwa mikono yote miwili mpaka maji yakaisha. Aliponisikia nakuja alilitupa kwenye kamba, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaingia ndani akijikunja.

Huo ndio ushahidi wangu wa mwisho kwamba mgonjwa amepona na anaweza kuruhusiwa.

Baba, kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi:

(a) Uje umchukue Mama. Nasisitiza uje wewe mwenyewe. Usimtume Emanueli, kwa sababu Emanueli akija atakuja na mashine nyingine.

(b) Kama (a) itashindikana, uje na ile televisheni yako nyembamba, ambayo Ruti anasema ina matundu mengi na imefunikwa kitambaa cha kufuma, nasi tukurudishie chogo lako. Kwa kuwa ni mzigo wa kuvunjika, itabidi uipakate njiani, kwa hiyo bado itakulazimu kuja mwenyewe.

(c) Kama (a) na (b) zitashindikana, naomba nivuliwe ukwe kwa muda, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni, niweze kuingia sebuleni na kuona nusu ya kulia. Siku za kazi nitaendelea kuwa mkwe kama kawaida. Ruhusa ya namna hiyo hutolewa na baba wa mke, na haiwezi kutolewa kwa simu.

(d) Kama (c) itakubaliwa, utoe ufafanuzi iwapo katika saa hizo Ruti anaendelea kuwa mke wangu. Ameuliza yeye mwenyewe, na nimeshindwa kusoma uso wake.

Nitashukuru ukilishughulikia suala hili kabla ndege hawajamaliza mpunga. Chumba cha wageni kina kitanda kipana. Basi la asubuhi linafika Mlowo mapema, na mtu akishuka akiuliza mashine ya kusaga ya Lusubilo ataelekezwa, ila akiulizia habari za serikali asielekezwe kwangu.

Nisalimie mama mdogo Gwantwa, na umwambie kwamba anafunga mabao mengi huku. Nisalimie majirani wote mnaochangia jaruba, wazee wa kanisa, na mbuzi pamoja na kamba yao kama imepatikana. Ruti anakusalimu. Erica akiwa shuleni anakusalimu. Mama hajasema nikusalimu, lakini alipoona naandika alisogeza taa karibu na pazia.

Wako katika ukwe, mpaka hapo utakapoamua vinginevyo,

Lusubilo

Nakala: Shemeji Emanueli, Tunduma (aione na ajirekebishe)

Nyongeza:

Baba, nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii. Jioni Ruti, akipangusa televisheni, amebandua ile stika ya mbegu za mahindi uliyoibandika wewe mbele, chini ya kioo, miaka hiyo. Chini ya stika kuna kimlango kidogo. Ndani ya kimlango kuna matundu matatu, la njano, jeupe na jekundu. Yamekuwepo siku zote. Sasa king'amuzi kimechomekwa mbele, gemu imebaki nyuma, na kutoka huku kwenda kule ni kubonyeza rimoti tu. Kwa hiyo malalamiko yote yanayohusu matundu nayafuta.

Ruti akaniwekea taarifa ya habari. Mama, bila kuambiwa, akaondoka kwenda chumbani kama zamani. Nikakaa katikati ya kochi peke yangu, nikaiona televisheni nzima, kushoto na kulia. Serikali imesema mambo mengi. Kabla hawajafika kwenye michezo niliinuka, nikarudi kwenye stuli yangu koridoni, nikamwomba Ruti akamwambie Mama kwamba uwanja uko wazi.

Naomba basi ombi (a) lisomeke hivi: uje, lakini usimchukue. Maombi (b), (c) na (d) yasisomeke.

Barua ameiona. Ruti alimsomea yote, nami nikiwa nimejificha uani. Akaomba kalamu. Huu hapa chini ni mwandiko wake mwenyewe, wa mkono wa kulia. Hakushikiwa na mtu.

Yesaya,
Mpunga ukiiva nitarudi. Njoo wewe kwanza, uuone mkono. Usibebe kitu. Mkwe wetu ni mtu mwema, ila kukaba hawezi.